Kupiga Dawa ya Magugu kwa Kulenga katika Mashamba ya Nafaka: Mwongozo wa Kazi ya Shambani

Mkulima wa ngano anayepita shambani kwake wiki tatu baada ya kuvuna huona wazi kwamba magugu hayakuenea sawasawa. Pale kombaini ilipogeukia pameota kishonanguo kwa wingi, kwenye bonde dogo linalotunza unyevu kuna ndago, na kati ya sehemu hizo kuna mamia ya mita za mabua makavu yasiyo na hata jani moja la kijani. Hata hivyo, trekta likiingia na bumu lake la mita 24, yaani ule mkono mrefu wenye nozeli za kunyunyizia, dawa hupigwa kila mahali kwa kiwango kilekile, penye gugu na penye udongo mtupu. Teknolojia ya kupiga dawa kwa kulenga imebuniwa ili kuondoa upotevu huo, na mwongozo huu unaeleza namna ya kuitumia katika mashamba ya ngano, shayiri na mahindi, hasa yale makubwa ya Narok, Timau, Uasin Gishu, Siha, Monduli na Hanang ambako bumu la trekta tayari ni chombo cha kila siku.

Jambo moja nataka lieleweke tangu mwanzo, kwa sababu nimeona fedha nyingi zikipotea pale lilipopuuzwa. Macho ya mashine hayaui gugu. Kinachoua ni tone la dawa lenye dozi kamili linalotua juu ya jani changa lenye afya, na tone hilo hutegemea nozeli, maji, urefu wa bumu, mwendo na hali ya hewa, kama ilivyokuwa kabla kamera hazijafungwa kwenye bomba lolote. Mashine yenye vihisi ikifungwa kwenye bomba bovu, kazi yake ni kuharibu mahali pachache badala ya mahali pengi.

Mashine zenyewe na namna zinavyoona

Zipo za aina mbili. Za kwanza hutambua kijani juu ya udongo. Kihisi humulika ardhi kwa taa yake na kupima mwanga unaorudi. WeedSeeker, kwa mfano, hulinganisha mwanga mwekundu na mwanga usioonekana kwa macho ulio jirani na mwekundu, kwa kuwa jani hai humeza ule wa kwanza na kurudisha ule wa pili kwa wingi, ilhali udongo na mabua makavu hayafanyi hivyo. WEED-IT ya Uholanzi husoma mng'ao hafifu ambao klorofili huutoa inapomulikwa. Kwa kuwa taa ni ya mashine yenyewe, kazi inaweza kufanyika mchana au usiku. Kasoro yake ni moja na ni kubwa: kihisi hakijui ngano ni nini wala ndago ni nini, hivyo kila kilicho kijani kitapigwa dawa. Ndiyo maana mashine hizi hutumika shamba likiwa halina zao, yaani baada ya kuvuna, wakati wa kulipumzisha na siku chache kabla ya kupanda. Huko Australia, ambako mvua za kiangazi huotesha magugu kwenye mashamba ya ngano yaliyopumzishwa na magugu hayo hunyonya unyevu unaosubiriwa na zao linalofuata, zimekuwa sehemu ya kawaida ya kazi kwa miaka mingi.

Za aina ya pili hutumia kamera na programu iliyofunzwa kwa picha nyingi sana za mazao na magugu, hivyo zinaweza kutafuta kijani ndani ya kijani. Kampuni ya Blue River Technology ya California, ambayo John Deere iliinunua mwaka 2017, ndiyo chimbuko la mfumo wa kamera uitwao See & Spray. Toleo la mwaka 2021 lilikuwa la mashamba yasiyo na zao, na lile la mwaka 2022 likaingia ndani ya mahindi, soya na pamba. Mazao hayo yana mistari iliyo wazi. Ngano hupandwa kwa mistari iliyobanana na hufunga ardhi mapema, na ingawa kamera inaweza kuona gugu la majani mapana katikati yake, oti mwitu na nyasi nyingine zinazofanana na ngano changa ni mtihani mgumu kwa programu, kama zilivyo ngumu kwa macho ya mtu anayepita kwa mwendo wa trekta.

Kwa mkulima wa ngano au shayiri wa Afrika Mashariki, ushauri wangu ni kuanza na aina ya kwanza kabla ya kupanda. Hapo ndipo mashine hufanya kazi kwa uhakika zaidi, na hapo ndipo mashamba yanayolimwa bila kutifua udongo hutumia dawa nyingi. Mwenye mahindi kwenye eneo kubwa na mistari iliyonyooka anaweza kuanza kufikiria kamera. Na mwenye shida ya kiduha asitegemee mashine yoyote kati ya hizi, kwa sababu kiduha huanza kunyonya mizizi ya mhindi kikiwa bado chini ya ardhi; kinapochomoza na kuonekana, hasara kubwa imekwisha kutokea.

Hesabu magugu kabla ya kuhesabu fedha

Chukua fito nne, tengeneza fremu ya mita moja kwa mita moja, kisha tembea shamba zima kwa mstari wa zigizagi na kuiweka chini katika sehemu zisizopungua 20. Usichague mahali pa kuiweka. Kila mara andika idadi ya magugu ndani ya fremu, aina zake, idadi ya majani yake, na mahali ulipo kwa kutumia simu yenye GPS. Kazi hii ya asubuhi moja ndiyo itakayokuambia kama kulenga kuna faida.

Sababu ni hii. Gugu dogo kama sarafu likionekana, nozeli haifungui kwa ukubwa wa sarafu. Inafungua kwa upana wake wote, tuseme nusu mita, na kwa urefu wa nusu mita hivi ili kuwe na akiba mbele na nyuma ya gugu. Kwa hiyo kila gugu linagharimu robo ya mita ya mraba. Magugu yaliyotawanyika ovyo yakiwa moja kwa kila mita ya mraba, utapiga dawa kwenye kati ya sehemu ya tano na robo ya shamba. Yakiwa manne kwa kila mita, utapiga karibu theluthi mbili. Yakifika kumi, karibu shamba lote litapigwa, na mashine ya gharama kubwa itakuwa imefanya kazi ya bomba la kawaida. Nozeli zilizokaribiana kwa sentimita 25 huboresha hesabu hiyo, lakini haziibadilishi kabisa. Shamba lililochafuka hivyo lipigwe lote kwanza kwa njia ya kawaida, na kulenga kuanze katika mzunguko wa pili, wakati wa kuyatafuta yaliyonusurika.

Badala ya kufunga vihisi, wapo wanaorusha droni juu ya shamba, wakaunganisha picha kuwa ramani, kisha wakaipakia ramani hiyo kwenye kompyuta ya bomba ili nozeli au sehemu za bumu zifunguke zinapofika mahali palipowekwa alama. Njia hii ina faida mbili ambazo vihisi vya kwenye bumu havina: unajua kiasi cha dawa cha kuchanganya kabla ya kuwasha trekta, na bomba la zamani lenye vali za sehemu linaweza kutumika bila kubadilishwa lote. Udhaifu wake ni muda. Ramani ya leo huzeeka haraka mvua ikinyesha, kwa hiyo dawa ipigwe ndani ya siku chache. Ramani na trekta vinapaswa pia kutumia mfumo mmoja wa kusahihisha GPS, na ikiwezekana uwe RTK, ambao hupunguza kosa hadi sentimita chache. Vinginevyo ramani itasogea pembeni na dawa itaangukia udongo mtupu hatua moja kutoka kwenye gugu. Kurusha droni kunahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, yaani TCAA kwa Tanzania au KCAA kwa Kenya, na kibali hicho kiombwe mapema, muda mrefu kabla ya msimu.

Kwa asiye na uwezo wa vihisi wala droni, hatua ya kwanza na ya bei nafuu ni kifaa cha GPS kinachofunga sehemu za bumu zenyewe pale trekta linapopita juu ya eneo lililokwisha kupigwa. Katika mashamba yenye kona nyingi na ncha zilizochongoka, hatua hiyo pekee huokoa dawa na huzuia zao kuunguzwa kwenye miingiliano ya mapito.

Nozeli: hapa usiharakishe

Bomba la kawaida lenye nozeli za nyuzi 110 zilizoachana kwa sentimita 50 limeundwa ili kila sehemu ya ardhi ipokee dawa kutoka nozeli mbili zilizo jirani. Katikati ya nozeli kuna dawa nyingi, pembeni kuna dawa kidogo, na pembe za jirani hujaliziana. Sasa fikiria mashine inayofungua nozeli moja tu juu ya gugu moja. Gugu likiwa katikati limepata dozi. Likiwa pembeni limepata nusu, kwa kuwa jirani amefungwa. Hili ni kosa linalotokea kimya kimya, na halionekani kwenye skrini yoyote. Suluhisho lake ni mojawapo kati ya mambo mawili: ama utumie nozeli zinazosambaza sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo, ambazo kwa kawaida huwa na pembe nyembamba ya nyuzi 40 au 65, ama uweke mipangilio ili nozeli ya jirani nayo ifunguke kila gugu linapokuwa karibu na mpaka.

Nozeli hizo za pembe nyembamba zinadai urefu usiobadilika. Nozeli ya nyuzi 65 ikiwa sentimita 40 juu ya gugu hufunika ukanda wa takribani sentimita 51. Bumu likirushwa na tuta hadi sentimita 60, ukanda unapanuka hadi sentimita 76, na dawa ileile sasa imetandazwa kwenye eneo kubwa zaidi, kiasi kwamba kila sentimita imepungukiwa theluthi moja. Bumu likishuka chini sana, unabaki mstari usioguswa kati ya nozeli na nozeli. Kwa hiyo mwenye shamba lenye matuta afunge magurudumu ya kushikilia bumu au vifaa vya kupima urefu, na apunguze mwendo. Urefu upimwe kutoka kwenye ncha ya nozeli hadi juu ya gugu lenyewe.

Kisha pima kila nozeli kwa mkono. Washa bomba likiwa limesimama, maji safi ndani yake, presha ikiwa ileile utakayotumia shambani, na kinga maji ya kila nozeli kwa chombo chenye alama za mililita kwa dakika moja kamili. Nozeli ya njano ya kipimo cha kimataifa cha 02 inapaswa kutoa lita 0.8 kwa dakika katika presha ya bari 3. Ya bluu, ambayo ni 03, inapaswa kutoa takribani lita 1.2. Nozeli inayotofautiana na mpya kwa zaidi ya asilimia 10 itolewe, isisafishwe kwa waya wala msumari na kurudishwa, kwa sababu tundu lililokwaruzwa halirudi kuwa tundu lake. Baada ya hapo tumia hesabu hii: lita kwa dakika zidisha kwa 600, kisha gawanya kwa mwendo wa kilomita kwa saa uliozidishwa na umbali kati ya nozeli kwa mita. Nozeli ya bluu inayotoa lita 1.2, kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa na umbali wa mita 0.5, inatoa lita 120 kwa hekta. Ukiongeza mwendo bila kubadilisha kingine, umepunguza dawa. Na usijaribu kufidia kwa presha, kwani ili mtiririko uwe mara mbili presha inatakiwa iwe mara nne, na kabla hujafika huko matone yatakuwa yamegeuka ukungu unaopeperuka hadi kwa jirani.

Mashine zenye vali za umeme zinazofunguka na kufunga mara nyingi kwa sekunde hutatua sehemu ya shida hiyo, kwa kuwa zinaongeza au kupunguza mtiririko kwa muda ambao vali iko wazi, huku presha na ukubwa wa matone vikibaki vilevile. Ila nozeli nyingi zinazonyonya hewa hazipatani na vali hizo. Soma maelekezo ya mtengenezaji wa nozeli kabla ya kununua.

Saa ya mashine

Kati ya kihisi kuona na dawa kutua, trekta linaendelea kusonga. Kwenye kilomita 18 kwa saa linasonga mita 5 kila sekunde. Kihisi kikiwa sentimita 90 mbele ya nozeli, mashine ina sekunde 0.18 za kuona, kuamua, kufungua vali na kusubiri tone lifike chini. Ikikosea kwa sekunde 0.05 tu, dawa inatua sentimita 25 mbele au nyuma ya gugu. Kwenye kilomita 10 kwa saa kosa hilohilo ni sentimita 14, na pengine akiba iliyowekwa itatosha kulifunika.

Nililiona jambo hili kwa karibu katika shamba la ngano lililokuwa limepumzishwa. Siku 14 baada ya kupiga dawa nilipiga magoti kwenye mstari wa pili kutoka njiani na kukuta kishonanguo ambacho upande mmoja majani yalikuwa ya kahawia, yamejikunja kama karatasi iliyopitishwa kwenye moto, na upande wa pili, ule trekta lilikoelekea, yalikuwa ya kijani na chipukizi jipya limeanza kutoka kwenye kikwapa cha tawi. Lililofuata lilikuwa hivyohivyo, na la tatu pia. Dawa ilikuwa sahihi, maji yalikuwa safi, siku ilikuwa tulivu. Fundi aliyekuja kukarabati alikuwa amesogeza vihisi mbele kwa upana wa kiganja ili avifunge kwenye chuma imara zaidi, na hakubadilisha umbali ulioandikwa kwenye kompyuta. Hekta zote za siku ile zilirudiwa. Tangu siku hiyo sikubali mashine iingie shambani kabla ya kupima umbali huo kwa futi kamba na kuulinganisha na ule ulio kwenye skrini.

Jaribio lenyewe ni rahisi. Tafuta karatasi za njano zinazogeuka bluu zinapoguswa na maji. Chomeka majani mabichi ardhini katika mstari mmoja, moja kila baada ya mita tatu hivi, na weka karatasi moja mbele na moja nyuma ya kila jani. Jaza maji matupu, pita kwa mwendo halisi wa kazi, kisha shuka ukaangalie. Karatasi zote mbili zinapaswa kuwa na madoa mengi yaliyosambaa sawasawa. Ya nyuma ikiwa na madoa na ya mbele ikabaki njano, au kinyume chake, rekebisha umbali au ucheleweshaji kwenye mipangilio na upite tena. Fanya hivyo kwenye ncha zote mbili za bumu na katikati. Usiridhike na katikati peke yake, kwani kwenye kona ncha ya nje hukimbia na ncha ya ndani husimama karibu kabisa. Kama mashine haina uwezo wa kufidia mgeuko, nyosha mapito yako na ugeukie nje ya eneo la kazi.

Jambo jingine la kupima siku hiyo ni wepesi wa kihisi kushtuka. Kikiwa kizito kitaruka magugu yenye majani mawili, na hayo ndiyo unayotaka kuyaua. Kikiwa chepesi mno kitafungua kwenye kila bua lenye ukijani wa mbali, na akiba ya dawa itakwisha kabla ya saa nne asubuhi. Ningechagua kukosea upande wa wepesi. Dawa iliyopigwa bure ina bei inayojulikana, ilhali gugu moja lililoachwa likomae linaangusha mbegu ambazo utazilipia kwa miaka.

Dawa, maji na kiasi cha kuchanganya

Kulenga hupunguza eneo linalopigwa. Hakupunguzi dozi inayolipata gugu. Mchanganyiko ndani ya tangi unabaki wa nguvu ileile kama unavyopiga shamba zima: lebo ikisema lita 2 kwa hekta na bomba lako linatoa lita 120 kwa hekta, basi kila lita 120 za mchanganyiko ziwe na lita 2 za dawa, hata kama utapiga sehemu ya kumi tu ya shamba. Anayepunguza dawa ndani ya tangi kwa hoja kwamba "mashine inalenga" anafuga usugu. Mwaka 1996 huko Australia iliripotiwa nyasi ya kwanza duniani iliyoishinda dawa ya magugu ya glaifosati, na tangu hapo orodha ya magugu sugu imeendelea kurefuka. Gugu linalopona dozi pungufu ndilo linalozaa.

Kiasi cha kuchanganya ndicho kinachowasumbua wengi, kwa kuwa hujui mashine itafungua mara ngapi. Tumia hesabu ya fremu au ramani ya droni. Shamba la hekta 100, likitarajiwa kupigwa asilimia 20, kwa lita 120 kwa hekta linahitaji lita 2,400. Changanya kwanza nusu au theluthi mbili ya hapo, maliza sehemu ya shamba, soma kwenye skrini asilimia iliyopigwa kweli, kisha changanya iliyobaki kwa hesabu mpya. Tangi lililobaki limejaa jioni ni tatizo la fedha na la mazingira pia.

Maji yasichotwe mtoni yakiwa na tope. Glaifosati hushikamana na chembe za udongo na kupoteza nguvu, na tope hilohilo huziba chujio za nozeli ndogo. Maji ya chumvichumvi yenye kalsiamu nyingi nayo huidhoofisha, na ndiyo sababu salfeti ya amonia iliyo safi hutiwa kwenye maji kabla ya dawa, kama lebo inaruhusu. Majani yaliyofunikwa na vumbi yana shida ileile, hivyo kwenye njia za magari zenye vumbi subiri mvua iyaoshe.

Dawa za kuzuia mbegu zisiote hazilengwi, kwa kuwa hufanya kazi ardhini kabla gugu halijaonekana. Hizo zipigwe shamba zima. Mashine zenye matangi mawili hufanya kazi zote mbili kwa pito moja. Na kila dawa utakayoitumia ihakikishwe kuwa imesajiliwa na mamlaka ya viuatilifu, yaani TPHPA kwa Tanzania au PCPB kwa Kenya, kwa zao husika, na siku za kusubiri kabla ya kupanda ziheshimiwe, hasa pale 2,4-D, dawa ya kuua magugu ya majani mapana, inapotangulia kwenye ardhi itakayopandwa maharage au alizeti.

Siku na saa ya kuingia

Upepo wa kilomita 3 hadi 15 kwa saa, unaovuma kwenda upande usio na zao la jirani, ndio unaofaa. Upepo ukikosekana kabisa alfajiri au jioni, usidhani umepata bahati. Hewa baridi huwa imelala chini kama blanketi, na matone madogo huning'inia ndani yake na kusafiri mbali. Tazama vumbi la trekta au moshi wa jikoni: ukitanda na kukaa badala ya kupanda na kutawanyika, ahirisha. Pima pia tofauti kati ya kipimajoto kikavu na kile chenye kitambaa kibichi. Tofauti ya nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi ni salama, na ikipita 10 simamisha kazi, kwa sababu tone dogo linakauka kabla ya kuingia ndani ya jani. Magugu yaliyonyauka kwa kiu yasipigwe pia. Yanaonekana kijani kwa kihisi, lakini hayanyonyi.

Futa lenzi na vioo vya vihisi kila unapojaza tangi, kwa kitambaa laini kilicholowa. Anayechanganya avae glavu, miwani, buti na nguo zinazofunika mwili, na chupa tupu isuuzwe mara tatu, maji yake yarudi tangini, kisha itobolewe ili asiwepo mtu wa kuitumia kubebea maji ya kunywa.

Siku 14 hadi 21 baadaye

Rudi shambani ukiwa na ramani ambayo mashine imehifadhi. Inaonyesha kila mahali vali ilipofunguka, na ni hazina ambayo wengi huifuta bila kuitazama. Tembelea sehemu 10 zilizopigwa na 10 zisizopigwa. Penye magugu ya aina moja yaliyo hai katikati ya maiti za aina nyingine, ambapo karatasi za jaribio zilionyesha dawa imetua vizuri, shuku usugu. Yang'oe yote kabla hayajatoa maua, yatie kwenye gunia na yatoke shambani, na mwaka ujao eneo hilo lipigwe dawa ya kundi jingine la utendaji, yaani inayoua gugu kwa njia tofauti. Penye magugu ya aina zote yaliyobaki hai kwa mstari mrefu unaofuata mwelekeo wa trekta, shuku nozeli au vali moja. Penye magugu yaliyoungua upande mmoja, chukua futi kamba uende kwenye bumu ukapime umbali wa vihisi. Andika ulichokiona juu ya ramani hiyohiyo, kwa tarehe, na uitunze mahali ambapo dereva wa msimu ujao ataipata kabla hajafungua tangi.